Kidole Kimoja ni Asilimia Ngapi?
Mwongozo wa kupimwa ulemavu baada ya ajali ya kazini

Pita kwenye mabanda ya kuchomelea vyuma ya Jabe, jijini Bujumbura, au vuka uingie Buyenzi kwenye magaraji. Ukisalimiana na mafundi wakongwe, kuna mkono utakaoushika ukahesabu vidole vinne. Kuna mwingine atakugeuzia sikio la kushoto unapozungumza, maana la kulia liliishia kwenye nyundo na mabati. Kila mmoja anaikumbuka siku yake: grinda iliyoruka, jeki iliyoteleza, cheche iliyoingia jichoni. Ukiwauliza kama walilipwa chochote, wengi hucheka. Ukiwauliza karatasi iko wapi, wananyamaza.

Mwongozo huu unahusu karatasi hiyo. Mfanyakazi akiumia na kubaki na kasoro ya kudumu, daktari huandika tarakimu moja: asilimia ya ulemavu. Tarakimu hiyo ndiyo inayoamua kama atapokea fedha mara moja, kila mwezi hadi kufa kwake, au asipokee kitu. Watu wengi huamini kwamba inaamuliwa siku ya kukutana na daktari wa INSS, taasisi ya hifadhi ya jamii. Sivyo. Siku hiyo daktari anakamilisha tu hesabu iliyoanza kuandikwa saa ile uliyofikishwa hospitali damu ikiwa bado inatoka.

KWANZA, ELEWA KWA NINI WANAPIMA

Fidia ya ajali ya kazini hailipi maumivu. Inalipa kile ambacho mwili wako hautaweza tena kufanya baada ya matibabu kumalizika. Ndiyo maana mtu aliyelala hospitali miezi mitatu akapona kabisa anaweza kupewa asilimia sifuri, na aliyelala siku mbili tu akatoka bila kidole gumba akapewa asilimia kubwa. Kidole gumba ndicho kinachoshika. Vidole vingine vinne bila gumba ni kama spana isiyo na taya ya pili.

Madaktari hutumia jedwali linaloorodhesha viungo na kasoro zake. Katika mapokeo ya Kifaransa, ambayo Burundi imeyarithi, jedwali hilo huitwa *barème*, na nchini Ufaransa sheria inamtaka daktari asiishie kwenye jedwali. Anatakiwa kutazama pia umri wa mgonjwa, hali yake ya jumla, uwezo wa mwili na akili, na ujuzi wake wa kazi. Marekani ina kitabu maarufu cha Chama cha Madaktari, kilichochapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1971, ambacho hupima mwili peke yake na kuliachia suala la kazi watu wengine.

Tofauti hiyo inakuhusu. Chukua fundi saa na mlinzi wa lango, kila mmoja amepoteza ncha ya kidole cha shahada. Jeraha ni lilelile, lakini mmoja amepoteza riziki na mwingine amepata kovu. Daktari asiyejua kazi yako atakupima kama mlinzi. Usimwambie "mimi ni fundi" ukanyamaza. Mwambie: "Mimi nakata mabati kwa mkono wa kulia, nashika mkasi saa sita kwa siku."

NI NANI ANAYEHUSIKA

Kwa wafanyakazi wa sekta binafsi, chombo kinachosimamia ni INSS, taasisi iliyoanzishwa mwaka 1962. Mchango wa ajali na magonjwa ya kazini hulipwa na mwajiri peke yake. Haukatwi kwenye mshahara wako, kwa hiyo bosi asikwambie kwamba hukulipwa fidia kwa sababu "hukuchangia".

Kinga hii ina mikono mitatu:

1. Ajali iliyokupata kazini au kwa sababu ya kazi, hata kama uzembe kidogo ulikuwa wako.
2. Ajali ya njiani, kati ya nyumbani na kazini, mradi hukukatiza safari kwa shughuli zako binafsi. Kutembea kwa miguu ni safari pia. Ukigongwa asubuhi ukielekea kiwandani, hilo ni suala la kazi. Ukigongwa baada ya kupitia msibani Kamenge, jiandae kwa mabishano.
3. Ugonjwa unaotokana na kazi: masikio ya mpiga mabati, mapafu ya mkata mawe.

> KISANDUKU: MANENO UTAKAYOYAONA KWENYE KARATASI
>
> Fomu huja kwa Kifaransa. Yajue haya kabla hujatia sahihi.
>
> *Déclaration d'accident*: taarifa ya ajali, inayojazwa na mwajiri.
> *Certificat médical initial*: cheti cha kwanza cha daktari. Hiki ndicho msingi wa nyumba yote.
> *Incapacité temporaire*: muda ambao huwezi kufanya kazi ukiwa bado unatibiwa.
> *Consolidation*: jeraha limetulia. Huenda hujapona, ila matibabu hayataleta tena mabadiliko makubwa.
> *Incapacité permanente partielle*, au *IPP*: ulemavu wa kudumu usio kamili. Asilimia yako iko hapa.
> *Taux*: kiwango, yaani tarakimu yenyewe.
> *Médecin-conseil*: daktari mshauri wa taasisi.
> *Rente*: malipo ya kila mwezi.
> *Rechute*: jeraha la zamani limerudi.

HATUA KWA HATUA

1. Saa ya kwanza: nenda hospitali, na utaje kazi.
Mapokezi watakuuliza umeumiaje. Jibu: "Nimeumia kazini." Sema mahali, saa na chombo kilichokuumiza. Ukisema "nilianguka tu" ili kumlinda bosi, neno hilo litakaa kwenye faili kuliko bosi mwenyewe atakavyokaa kazini.

2. Hakikisha kila kiungo kimeandikwa.
Hapa ndipo wengi hupoteza haki yao. Mtu ameanguka kutoka juu ya paa, mguu umevunjika, na kila jicho liko kwenye mguu. Bega linauma kidogo, naye analipuuza. Miezi sita baadaye mguu umepona, bega haliinuki. Daktari mshauri anafungua cheti cha kwanza: bega halimo. Utathibitishaje kwamba hukuliumiza nyumbani? Kabla ya kuondoka, mwambie daktari sehemu zote zinazouma, hata kidogo, na umwombe akusomee alichoandika. Taja pia upande. Kuandika mkono wa kushoto mahali pa kulia ni kosa linalotokea, na kulirekebisha baadaye ni safari ndefu.

3. Taarifa ya ajali iende mara moja.
Kuijaza ni wajibu wa mwajiri. Ulizia leo, ulizia kesho, na uombe nakala yenye mhuri wa kupokelewa. Akisitasita, andika barua yako mwenyewe, nakala mbili, upeleke INSS na kwenye Ukaguzi wa Kazi, urudi na nakala moja iliyogongwa mhuri. Kama huwezi kutembea, mtume mke, mume au ndugu.

4. Andika majina ya mashahidi.
Wenzako wa bandani wako leo, kesho mmoja yuko Uvira na mwingine Kigoma. Chukua majina na namba zao wiki hiyohiyo. Piga picha ya mashine na mahali penyewe kabla hapajasafishwa.

5. Usikose miadi, na usitupe karatasi.
Kila ziara, kila picha ya eksirei, kila risiti ya dawa iingie kwenye bahasha moja. Wakati wa matibabu mfanyakazi aliyeandikishwa hulipwa posho ya siku, ambayo ni theluthi mbili ya wastani wa mshahara wake. Pengo la wiki sita bila ziara yoyote husomeka kama wiki sita za uzima.

6. Usikimbilie kutulia kwa jeraha.
Asilimia hutolewa jeraha likishatulia. Wapo wanaotaka kupimwa haraka kwa sababu kodi ya nyumba inadaiwa. Ukipimwa mapema, daktari anaweza kuandika kwamba kiungo kitaendelea kupata nafuu na kukupa kidogo. Ukichelewa mno, ushahidi unapoa. Muulize daktari anayekutibu: "Je, kuna tiba yoyote iliyobaki itakayobadilisha hali hii?" Jibu likiwa hapana, mwombe cheti cha kutulia kwa jeraha kinachoeleza kasoro zilizobaki moja moja.

7. Nenda ukapimwe. Soma sehemu inayofuata kabla ya kwenda.

8. Pokea uamuzi kwa maandishi.
Usikubali kuambiwa kwa mdomo. Karatasi ionyeshe asilimia, kasoro zilizohesabiwa, tarehe ya kutulia kwa jeraha na mshahara uliotumika katika hesabu. Andika nyuma yake tarehe uliyoipokea, kwa sababu muda wa kupinga huhesabiwa kuanzia hapo.

SIKU YA KUPIMWA

Chumba ni cha kawaida: meza, kitanda, mizani. Daktari atakusalimia kwa mkono, na tayari ameanza kupima. Atachukua kifaa kama bikari kubwa ya shuleni, akiweke kwenye kiwiko au kifundo chako, asome nyuzi unapokunja na kukunjua. Atapima mkono mzima kwanza, kisha ulioumia, kwa kuwa mwili wako mwenyewe ndio kipimo chake cha kulinganishia. Atazungusha futi ya kitambaa kwenye misuli ya mikono yote miwili: mkono usiotumika hunywea, na unene wake hausemi uongo. Atakupa kifaa cha kubana aone nguvu ya mshiko. Huenda akakuambia ufunge kifungo cha shati, uokote sarafu mezani, ugeuze ufunguo.

Katika chumba hicho fuata mambo manne.

Usiongeze chumvi. Atakubanisha kile kifaa mara tatu. Mtu anayebana kwa nguvu zake zote hutoa matokeo yanayokaribiana, na anayeigiza hutoa matokeo yanayorukaruka. Akishakushuku kwenye mshiko, atakushuku hata kwenye kile kilicho cha kweli.

Usijikaze. Hili ndilo kosa la wanaume wengi wa kwetu. "Unaendeleaje?" "Nashukuru Mungu, sijambo." Hiyo ni adabu ya barazani. Ukiisema mbele ya daktari inageuka kuwa ushahidi. Mshukuru Mungu, kisha useme yaliyobaki: "Siwezi kufunga mkono nikashika nyundo. Usiku ganzi inaniamsha."

Sema kwa vitendo, si kwa sifa. "Naumwa sana" haina kipimo. "Nilikuwa nabeba gunia la kilo 50, sasa hata ndoo ya maji naibadilisha mkono mara nne kutoka bombani hadi nyumbani" ina kipimo.

Taja ulichokuwa nacho kabla. Kama goti lilikuwa bovu tangu utotoni, sema. Daktari atalipata kwenye picha, na ni afadhali alisikie kutoka kwako. Kasoro ya zamani haifuti haki yako kwa ile mpya.

> KISANDUKU: KWA NINI 20 NA 10 HAZIFANYI 30
>
> Ukiwa na majeraha mawili, usishangae jumla ikiwa ndogo kuliko ulivyotarajia. Madaktari wa mapokeo ya Kifaransa huiita kanuni ya Balthazard, kwa jina la daktari Mfaransa Victor Balthazard.
>
> Fikiria uwezo wako ni gunia la mchele la kilo 100. Kwa mfano, mkono umekupunguzia asilimia 20: zimebaki kilo 80. Sikio ni asilimia 10, lakini sasa zinatolewa kwenye kilo zilizobaki: asilimia 10 ya 80 ni 8. Zimebaki 72. Kwa hiyo umepungukiwa na 28.
>
> Sababu ni kwamba mtu hawezi kupoteza zaidi ya yeye mzima. Tungejumlisha tu, mwenye majeraha mengi angefika asilimia 130. Ukipewa karatasi yenye majeraha mawili, fanya hesabu hii mwenyewe. Ikitofautiana sana na ya kwao, uliza.

MSTARI WA 15

Katika utaratibu wa INSS, asilimia 15 ni mto wa kuvuka. Ukiwa chini yake, unalipwa mkupuo mmoja na faili linafungwa. Ukifikia 15 au zaidi, unapata malipo ya kudumu kulingana na asilimia yako: mwenye 20 hupata sehemu ya tano ya kile ambacho angepata aliyelemaa kabisa. Ndiyo maana tofauti ya 14 na 15 si alama moja. Karatasi yako ikisema 12, 13 au 14, isome mara mbili: je, kila kiungo kimehesabiwa? Je, kazi yako imetajwa?

Tazama pia mshahara uliotumika. Asilimia huzidishwa na mshahara uliotangazwa INSS, na huo wa mkononi hauhesabiwi. Bosi anayekulipa 300,000 na kutangaza 100,000 amekupunguzia fidia kabla hujaumia.

> KISANDUKU: ULIUMIA UGHAIBUNI WA JIRANI?
>
> Wengi wa Jabe wamefanya kazi Dar es Salaam au Nairobi. Haki hufuata mahali ulipokuwa umeajiriwa, na kila nchi ina mstari wake.
>
> Tanzania: Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF). Ulemavu usiozidi asilimia 30 hulipwa kwa mkupuo, unaozidi hapo kwa pensheni ya mwezi.
> Kenya: Sheria ya fidia za ajali kazini ya mwaka 2007. Ulemavu kamili ni sawa na mishahara ya miezi 96, na usio kamili ni sehemu ya hiyo kwa asilimia yako. Ajali itaarifiwe kwa mwajiri ndani ya miezi 12.

MAKOSA YANAYOGHARIMU

- Kuanza kwa fundi wa mifupa. Wapo wenye mikono mizuri, na sikukatazi imani yako. Lakini hawaandiki cheti. Pitia hospitali kwanza, upate eksirei na karatasi.
- Mapatano ya pembeni. "Chukua laki tano, tuyamalize kindugu." Leo zinatosha, lakini kidole hakioti tena. Bosi akikusaidia, pokea kama msaada, na usitie sahihi kwamba umeacha madai.
- Kusaini usichokielewa. Sema: "Naomba niende nayo nyumbani, nitairudisha kesho." Mtafute mwalimu au kijana anayesoma Kifaransa akusomee.
- Kumlipa mpambe wa mlangoni. Anayedai atakuongezea asilimia kwa elfu hamsini hana kalamu ya daktari. Anachokuuzia ni foleni ambayo ungeipanga bure.
- Kutoa karatasi halisi. Toa nakala, ubaki na halisi. Wakizitaka halisi, dai hati ya kupokelewa.

KAMA HUKUANDIKISHWA

Hili ndilo tatizo la mtaa wetu. Mafundi wengi hufanya kazi kwa neno la mdomo, na jina lao halipo INSS. Kukuandikisha ni wajibu wa mwajiri, na kosa lake si lako. Fanya hivi:

1. Kusanya ushahidi kwamba ulikuwa mfanyakazi wake: malipo yaliyopita kwenye simu kwa Lumicash au Ecocash, ujumbe wa kuitwa kazini, picha ukiwa bandani, daftari la siku, wateja wanaokufahamu.
2. Nenda Ukaguzi wa Kazi ukatoe malalamiko. Wao humwita mwajiri na kujaribu kupatanisha. Mnachokubaliana kiandikwe.
3. Mkishindwa, njia inayofuata ni Mahakama ya Kazi. Huko pia asilimia ya daktari ndiyo itakayobeba madai yako, kwa hiyo zile hatua mbili za kwanza, za hospitali, zinakuhusu hata kama INSS haikujui.

Na wewe ambaye bado una vidole kumi, mwombe bosi namba yako ya INSS wiki hii. Akisema ipo, nenda ofisini uthibitishe.

USIPORIDHIKA NA ASILIMIA

Usiende kugomba. Nenda na daktari mwingine. Mwombe bingwa wa kiungo chako akupime upya na kuandika ripoti inayojibu ile ya kwanza hoja kwa hoja: nyuzi ngapi, nguvu kiasi gani, kasoro gani iliachwa. "Daktari alinionea" ni malalamiko. "Ripoti haikutaja kwamba kidole cha kati hakikunji, na kipimo hiki hapa kinaonyesha" ni hoja. Iambatishe kwenye barua ya kuomba uamuzi upitiwe upya, na ikishindikana, mahakama inaweza kuamuru upimaji wa daktari asiye wa upande wowote.

Kumbuka pia kwamba asilimia si maandishi ya kaburini. Hali ikizidi kuwa mbaya, unaweza kuomba ipimwe tena. Ikipata nafuu, nao wanaweza kuipunguza. Kwa hiyo bahasha yako usiichome hata baada ya kulipwa.

ORODHA YA KUKAGUA KABLA YA KUONDOKA NYUMBANI

☐ Kitambulisho na namba ya INSS
☐ Cheti cha kwanza cha daktari, chenye viungo vyote na upande sahihi
☐ Nakala ya taarifa ya ajali yenye mhuri
☐ Cheti cha kutulia kwa jeraha
☐ Picha za eksirei, au kipimo cha masikio, pamoja na majibu yake
☐ Karatasi za mshahara za miezi kadhaa kabla ya ajali
☐ Majina na namba za mashahidi
☐ Ukurasa mmoja kwa mkono wako: kazi nilizokuwa nafanya, kazi nisizoweza tena
☐ Mtu wa kukusindikiza anayesoma Kifaransa
☐ Nakala ya kila kitu, iliyobaki nyumbani

Ule ukurasa wa mkono wako, wa nane kwenye orodha, uandike leo usiku, na kama mkono ulioumia ndio unaoandikia, uandike kwa huohuo. Usimpe mtoto mwenye mwandiko mzuri. Herufi zikipinda, ziache zilivyopinda. Daktari ataziona.